Uliza Wakili: Kagongwa akiwa kwenye baiskeli, dereva hapokei simu, bima tunaidaije?

SWALI: Shikamoo dada wakili. Naandika kwa niaba ya kaka yangu, sisi tuko Kahama. Kaka anauza maziwa, anayachukua vijijini alfajiri na baiskeli analeta mjini kwa wateja wake. Miezi mitatu iliyopita akiwa anakuja mjini asubuhi kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, kumeshapambazuka kabisa, akagongwa kwa nyuma na Noah ya abiria, madumu yakamwagika yote, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti na ringi ya nyuma ya baiskeli imejikunja haifai tena. Dereva siku ile alikuwa mtu mzuri kweli, alimbeba mwenyewe mpaka hospitali akatoa 150,000 ya kuanzia akasema tusijali gari ina bima. Baada ya wiki mbili simu hapokei. Kaka kawekewa chuma mguuni mpaka leo anatembelea magongo. Tulienda ofisi ya bima iliyoandikwa kwenye ile karatasi ya dereva, wakatuambia mteja wao hajaripoti ajali yoyote kwahiyo hawana cha kutusaidia. Polisi wanasema kesi imeshaisha, dereva alikiri mahakamani akapigwa faini. Sasa hiyo faini si ilitakiwa tupewe sisi? Af kuna jamaa mmoja anasema ana watu wake huko bima, anaweza kutufuatilia ila akipata tugawane nusu kwa nusu. Tufanyeje dada? Mdogo wa majeruhi, Kahama.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mpe kaka pole nyingi. Nianze na huyo jamaa wa nusu kwa nusu maana nahisi ndo anayewapigia simu kila siku. Huyo ni kishoka. Hana watu wowote bima, anachofanya ni kuchukua makaratasi yenu orijino, anaenda kusaini malipo ya haraka haraka kwa hela yoyote atakayopewa, mnakuja kushtuka mmeshaachia haki yote kwa kitu kidogo. Kama mmeshampa PF3 orijino, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kaichukueni leo hii, sio kesho.

Sasa kuhusu faini. Faini ni ya serikali, haijawahi kuwa ya majeruhi, hata ingekuwa milioni kumi. Ile kesi ya trafiki ilikuwa ni Jamhuri dhidi ya dereva, kaka yako alikuwa shahidi tu kwenye ugomvi wa watu wengine. Mahakama ya jinai inao uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, lakini mara nyingi hakuna anayeomba, majeruhi yuko wodini, mwendesha mashtaka ana mafaili hamsini mezani, hakimu anatoa faini watu wanaondoka. Usiumie sana, kwasababu hiyo kesi imewaachia kitu kizuri kuliko mnavyodhani. Dereva amekiri kosa na ametiwa hatiani. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, muda wa rufaa umepita, inachukuliwa ni ushahidi tosha kwamba huyo mtu alitenda kosa. Yaani mkienda kwenye kesi ya madai hakuna tena kubishana nani alikuwa upande wake na nani hakuwa. Nendeni mahakamani alipohukumiwa mkaombe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi iliyogongwa muhuri. Hiyo karatasi ni nusu ya kesi yenu.

Haya, tuje kwenye bima yenyewe, na hapa naomba usome taratibu maana ndo watu wengi wanapopotea.

Tanzania gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima, Sheria ya Bima ya Magari Sura ya 169 ndo inasema hivyo, na bima ya lazima ni ile tunayoiita bima ndogo, inayomkinga mtu wa tatu. Mtu wa tatu ndo kaka yako. Mwenye gari ni wa kwanza, kampuni ni wa pili, na yule wa barabarani aliyegongwa, awe anatembea kwa miguu, awe na baiskeli, awe amekaa kibarazani kwake gari likamfuata, huyo ndo wa tatu. Kwahiyo wale wa ofisini waliosema mteja wetu hajaripoti hawajadanganya ila wamewaambia nusu. Ni kweli mkataba uko kati yao na mwenye gari, na ni kweli mwenye gari ana wajibu wa kuripoti na kujaza fomu ya madai. Lakini kutokuripoti kwake hakufuti haki ya kaka yako. Sheria inasema mkishinda kesi dhidi ya aliyekatiwa bima, kampuni inawajibika kulipa ile hukumu moja kwa moja kwenu, ilimradi kampuni ilipewa taarifa kuhusu kesi kwa wakati. Hapo kwenye taarifa ndo wanaponasia watu. Mtu anashtaki dereva, anahangaika miaka miwili anashinda, anaipeleka hukumu bima, anaambiwa sisi hatukuwahi kujua kuna kesi. Ameishia hapo. Kwahiyo ninyi msisubiri, pelekeni barua ya taarifa kabla hata ya kufungua kesi.

Ila kabla ya barua hakikisheni bima ilikuwepo kweli siku ya ajali. Karatasi aliyowaonyesha dereva isiwatoshe. TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana mfumo wao wa TIRA MIS kwenye intaneti, unaingiza namba ya gari inakuonyesha kampuni gani imekata, imeanza lini na inaisha lini. Angalieni tarehe ya kuanza kwa umakini. Kuna watu gari linagonga asubuhi, bima inakatwa mchana wa siku hiyo hiyo, stika inaonekana mpya kabisa na kila mtu anafurahi, kumbe kwa ajali ile haina kazi. Piga picha hiyo skrini, hifadhi.

Na nani mwenye gari? Dereva wa Noah ya abiria mara nyingi sio mwenye gari, ni wa hesabu, anapeleka hesabu jioni kwa bosi. Jina la bosi liko kwenye kadi ya gari na polisi wanalo kwenye faili la ajali. Mnadai wote wawili, dereva kwa uzembe wake na mwenye gari kwasababu dereva alikuwa kwenye kazi yake. Msimshtaki dereva peke yake, mtashinda hukumu ya kuning'iniza ukutani.

Makaratasi ya polisi sasa. PF3 mnayo naamini, hakikisheni daktari ameijaza ule upande wake na imerudi polisi, wengi wanabaki nayo imejazwa nusu. Halafu ombeni kwa barua ripoti ya ajali, ramani ya ajali ile iliyochorwa na trafiki, na ripoti ya ukaguzi wa gari. Makampuni ya bima yatawatajia kwa namba, PF 115, PF 93, na PF 90 ambayo ni ripoti ya mwisho, msiogope namba, ni hizo hizo karatasi. Kama ramani inaonyesha alama za breki na mahali baiskeli ilipoangukia, hiyo ramani inaongea kuliko mashahidi kumi.

Sasa hela. Hapa watu wanakosea kwa kuandika "tunadai milioni hamsini" bila maelezo, kampuni inacheka inaweka pembeni. Kuna mafungu mawili. La kwanza ni hasara mahususi, ile unayoweza kuihesabu: matibabu, dawa, magongo, bajaji za kwenda kliniki, baiskeli, maziwa yaliyomwagika, na kipato alichokosa. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1992 kwamba hasara za aina hii lazima zitajwe moja moja kwenye madai na zithibitishwe, haitoshi kukadiria. La pili ni fidia ya jumla, maumivu, ulemavu, maisha kubadilika, hii hakimu anapima mwenyewe kwa busara yake, hakuna bei elekezi. Watu wengi nguvu zote wanapeleka kwenye hili la pili kwasababu ndo lina namba kubwa, na wanapoteza la kwanza lote kwa kukosa risiti.

Kaka yako hana hati ya mshahara, najua ndo unachowaza. Muuza maziwa anathibitishaje kipato? Anathibitisha na daftari. Karibu kila muuza maziwa ninayemjua ana lile daftari la kurasa themanini, majina ya wateja upande wa kushoto, alama za vyema kila siku, lita moja, lita mbili, mwisho wa mwezi jumla na nani kalipa nani anadaiwa. Hilo daftari limeloa maziwa, limechanika jalada, ni ushahidi. Lileteni kama lilivyo, msilinakili upya kwenye daftari safi maana hapo ndo mtaonekana mmetunga juzi. Ongezeni taarifa ya miamala ya simu kwa miezi sita kabla ya ajali, wateja wa mjini siku hizi wengi wanalipa kwa simu. Ongezeni wateja wawili watatu walio tayari kusema ndio huyu alikuwa ananiletea kila asubuhi, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayomtambua na shughuli yake. Mkishapata faida ya siku, ile inayobaki baada ya kumlipa mfugaji, mnazidisha kwa siku ambazo hakufanya kazi. Tuseme ni 12,000 kwa siku na miezi mitatu, siku tisini, hiyo tayari ni 1,080,000, na bado hajapona. Umeona? Kwa karatasi zenu wenyewe.

Baiskeli nayo. Hapa niwe mkweli, bima ya lazima kisheria inahusu kifo na majeraha ya mwili. Mali ya mtu wa tatu mara nyingi inakuwemo kwenye mkataba lakini kwa kiwango walichokubaliana, kwahiyo idaini, andikeni bei ya baiskeli na madumu, ila msishangae wakibishana nanyi zaidi kwenye baiskeli kuliko kwenye mguu. Wakikataa, mwenye gari bado anadaiwa mwenyewe. Na msiitengeneze wala kuiuza chuma chakavu kabla hamjaipiga picha pande zote, hasa hiyo ringi ya nyuma, maana ringi ya nyuma iliyojikunja inasema wazi kwamba amegongwa kwa nyuma.

Kuhusu hicho chuma cha mguuni. Muulizeni daktari kama kitatolewa baadaye. Kama ndio, hiyo ni operesheni nyingine, kulazwa kwingine, wiki nyingine bila kazi, na lazima iwemo kwenye madai sasa hivi. Mwambieni aandike kwenye ripoti: hali ya mguu ilivyo, matibabu yanayotarajiwa na makadirio ya gharama, na kama kuna ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Ripoti isiyo na asilimia ni ngumu sana kuipigania.

Nalisisitiza hili la daktari kwasababu ya kitakachofuata. Mkipeleka barua yenye viambatanisho vyote, kampuni ikiona mko serious itawaita. Watakuwa wakarimu, mtapewa soda, halafu mtatajiwa kiasi na kuwekewa karatasi ya kusaini. Someni mstari wenye maneno ya malipo kamili na ya mwisho. Maana yake ukisaini, hata mguu ukioza mwakani hudai tena, sio kampuni, sio dereva, sio mwenye gari. Hiyo ofa ya kwanza sio lazima iwe mbaya, nimeona za haki kabisa, lakini hamuwezi kujua kama ni ya haki kabla ya kujua mguu unaishia wapi. Mkiambiwa ofa inaisha Ijumaa, iacheni iishe. Hata ile 150,000 ya dereva, kama mlisaini chochote siku ile pale wodini au kituoni niandikieni tena mniambie iliandikwaje, maana kuna zile karatasi za "tumeyamaliza kindugu" ambazo baadae zinasumbua.

Barua ya madai iende kwa watu watatu, dereva, mwenye gari na kampuni. Iwe fupi: tarehe na mahali pa ajali, namba ya gari, namba ya bima, namba ya jalada la polisi, majeraha, mnachodai na mchanganuo wake, na muda mnaowapa kujibu kabla ya kwenda mahakamani. Pelekeni kwa mkono mkiwa na kopi yenu, na kopi yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Akikataa kugonga muhuri tumeni kwa rejista ya posta. Maneno ya "niachie hapo nitampa bosi" hayana ushahidi.

Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, ombeni sababu kwa maandishi, halafu lalamikieni TIRA, wana ofisi za kanda sio Dar na Dodoma tu, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Huko mnatakiwa muwe mmeshalalamika kwa kampuni kwanza kwa maandishi, ndo maana nawasumbua na barua. Lakini mkiwa mnafanya hayo yote kumbukeni saa inakimbia: madai ya uzembe kama haya ukomo wake ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mazungumzo na bima hayasimamishi hiyo miaka. Nimeona mafaili mazuri kabisa, kila risiti ipo, yamekufa kwasababu kampuni ilikuwa inasema "tunalishughulikia" mpaka mwaka wa tatu ukapita.

Wakili kama hamna hela, ulizeni ustawi wa jamii wa wilaya au halmashauri kuhusu msaada wa kisheria, tangu sheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambulika karibu kila wilaya. Kuandika barua nzuri wanaweza, bure.

SWALI: Wakili habari. Mimi nilikuwa natoka lindo usiku na baiskeli, taa sina, lori likanigonga begani nikavunjika mkono. Dereva anasema kosa ni langu sikuonekana na watu wa bima wanasema hivyo hivyo. Ni kweli sina changu? Mlinzi, Tabora.

JIBU: Pole mlinzi. Changu unacho, ila kitapungua. Sheria yetu inaruhusu mahakama kugawa kosa, ikiona wewe umechangia kwa kukosa taa na dereva amechangia kwa mwendo au kutoacha nafasi wakati anakupita, kila mtu anabeba sehemu yake na fidia yako inakatwa kwa kiwango hicho. Kukosa taa sio leseni ya kukugonga. Swali la msingi ni kwamba taa za lori zilikuwa zinawaka? Kama zinawaka zimulike mbele basi alitakiwa akuone, na kama haziwaki na yeye ana la kujibu. Angalia ripoti ya ukaguzi wa gari inasemaje kuhusu taa na breki. Kulikuwa na taa za barabarani pale? Ulivaa koti lako la kazi lenye ile mistari inayong'aa? Andika yote hayo ukiwa bado unakumbuka. Na kitu kingine, wewe umeajiriwa, na kama ulikuwa unahama lindo moja kwenda jingine kwa agizo la mwajiri basi ulikuwa kazini, mwambie mwajiri atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hiyo ni njia tofauti na ya bima ya gari na haiulizi nani alikuwa na kosa kama bima inavyouliza. Asipotaka, nenda mwenyewe ofisini kwao.

SWALI: Aliyenigonga hana bima kabisa, nimeangalia imeisha mwezi mmoja kabla. Na rafiki yangu yeye kagongwa na gari la serikali. Tunafanyaje? Wawili wa Dodoma.

JIBU: Wewe wa kwanza, kuendesha bila bima ni kosa, waambie polisi waliongeze kwenye mashtaka. Fidia unamdai dereva na mwenye gari kutoka mifukoni mwao, na ukishinda unaweza kuomba mahakama ikamate mali, mali ya kwanza ikiwa lile gari lenyewe. Fanya haraka kabla hajaliuza. Ukisikia anatafuta mteja, mwambie wakili wako aombe zuio mapema, usisubiri hukumu.

Rafiki yako njia yake ni nyingine, asihangaike kutafuta stika. Kabla ya kuishtaki serikali lazima atoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akifungua kesi bila hiyo notisi itatupwa nje hata kama mguu hana. Notisi za serikali zina utaratibu wake kwahiyo hapa kwa kweli atafute wakili.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 kagongwa na bodaboda akienda shule na baiskeli, kaumia meno ya mbele mawili yametoka. Bodaboda nazo zina bima? Na mtoto anadai vipi? Mama yake, Moshi.

JIBU: Pole mama. Pikipiki nayo ni chombo cha moto, bima ni lazima kama gari, mfumo ni ule ule wa TIRA MIS weka namba ya pikipiki. Mtoto hafungui kesi mwenyewe, unafungua wewe kwa niaba yake, na kwa mtoto ule ukomo wa miaka mitatu unaanza kuhesabiwa akishafika utu uzima, ila usikae ukasubiri, kijana wa bodaboda leo yuko Moshi mwakani yuko Arusha na pikipiki ameshabadilisha. Meno ya mbele kwa mtoto wa miaka 11 ni ya ukubwani hayo, hayaoti tena, kwahiyo daktari wa meno aandike wazi kwamba ni meno ya kudumu na gharama za kuweka mengine atakapokuwa ameacha kukua, sio bei ya leo ya kung'oa na dawa tu. Kwenye faili weka cheti cha kuzaliwa, PF3, na ile picha yake ya shule ya mwaka jana akiwa anacheka.